Nilimwombea Mtoto Asiyekuwepo

Nimewaombea watu wengi kwa simu. Tangu magoti yaanze kunisumbua na ngazi za ghorofa ya tatu kuwa safari, wagonjwa wa kanisa letu hapa mtaani Mowlem wamezoea kunipigia badala ya kuningoja mlangoni kwao. Ninakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, navua kofia, nafumba macho, naomba, tunasema amina pamoja, basi. Sijawahi kumwuliza mtu anithibitishie kwamba mgonjwa wake yupo. Swali lenyewe ningelianzia wapi?

Ninayoandika hapa yalinipata wiki ambayo mke wangu alikuwa afanyiwe upasuaji wa jicho. La kushoto lilikuwa limekwisha zamani. La kulia lilikuwa limefunikwa na utando mweupe mpaka alikuwa ananitambua kwa kikohozi changu. Alikuwa amemwaga chai nje ya kikombe mara nyingi hata akaacha kunimiminia, naye ni mtu aliyenimiminia chai kwa miaka arobaini na tatu. Hospitali ya macho ya wamisionari ilimpa nafasi siku ya Alhamisi asubuhi. Tuliambiwa wazi kwamba tukiikosa siku hiyo, nafasi nyingine ni baada ya miezi mitatu, na daktari alisema hawezi kutuahidi jicho lile litakuwa katika hali gani baada ya miezi mitatu.

Gharama ilikuwa shilingi elfu thelathini na tano. Watoto wetu walichanga, wazee wenzangu wa kanisa wakachanga, na karibu zote zikaja kwenye simu yangu, kwa sababu kwetu sisi pesa ya jambo la familia hutumwa kwa mzee. Binti yetu mkubwa, anayekaa Njiru, alisema tuzipeleke hospitali mara tu zitakapotimia. Nilimwambia nitazipeleka mwenyewe Alhamisi. Nilitaka kusimama pale kwenye dirisha la malipo na kumlipia mke wangu. Nadhani mwanamume yeyote wa umri wangu ataelewa, na nadhani wanawake wengi wataguna.

Jambo la pili ambalo msomaji anapaswa kulijua ni kazi niliyoifanya. Nilikuwa reli miaka ishirini na sita, kwenye ofisi ya vifurushi. Magunia ya mahindi, baiskeli, vitanda, kuku ndani ya tenga, cherehani za watu waliokuwa wakihamia mjini kutoka magharibi kama nilivyohamia mimi. Karatasi ikisema mzigo umepokelewa, basi umepokelewa. Hatukuwa na muda wa kwenda kuupapasa. Na mzigo ulioshushwa kwetu kwa makosa ulirudishwa kwa treni iliyofuata, bila kungoja kuulizwa. Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa mkali juu ya hilo kuliko mhubiri yeyote niliyewahi kumsikia, nami nililipokea likawa sehemu ya imani yangu. Kitu cha mtu kikinifikia kwa makosa, sikilazi.

Jumanne, mnamo saa nne asubuhi, simu ililia mlio wa ujumbe. Nilivaa miwani nikausoma. Ulisema nimepokea shilingi elfu kumi na nne mia sita kutoka kwa mwanamke fulani, jina lake la kwanza na la ukoo, tarehe, saa, na ule mfululizo wa herufi na tarakimu ambao huwa mwanzoni. Sikumjua. Nikafikiri ni mtu wa kanisani ameguswa na habari za jicho. Kabla sijamaliza kumshukuru Mungu, simu ikaita.

"Bwana asifiwe, baba."

"Amina. Nani mwenzangu?"

"Hunijui, baba. Mimi ni mama tu wa huku Eastlands. Nimekosea namba. Nilikuwa natuma pesa ya kumtoa mtoto wodini, tarakimu moja ikanipotea, zikaingia kwako. Tafadhali usizitumie."

"Siwezi kuzitumia, mama. Si zangu."

"Mungu akubariki. Wengine ukiwapigia wanazima simu."

"Mtoto ana nini?"

"Nimonia. Ana miaka miwili. Amepona, lakini hawanipi mpaka nilipe, na kila siku wanaongeza pesa ya kitanda."

Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakitembea, na kitu kama mlango unaojibamiza. Nilimwambia jambo moja la busara, nami nalitaja hapa ili nisijihukumu kupita inavyostahili. Nilimwuliza, "Kwani kampuni yenyewe hairudishi pesa zikikosea njia?"

"Inarudisha, baba. Nimewapigia. Wameniambia ningoje siku tatu." Sauti yake ikapungua. "Siku tatu za kitanda."

Mimi mwenyewe nilikuwa na pesa za hospitali kwenye simu. Nilijua jinsi mtu anavyozihesabu na kuzihesabu tena kama zitaongezeka kwa kutazamwa. Nikamwambia, "Mama, nitakurudishia sasa hivi. Lakini kwanza tumwombee mtoto."

Niliomba vizuri. Sijisifu, lakini mtu aliyefanya kazi hii maisha yake yote hujua sala iliyotoka rohoni na ile iliyotoka mdomoni tu. Nilimwombea mtoto yule mapafu safi, nikamwombea mama yake nguvu, nikawaombea wauguzi wa zamu. Nilianza kwa Kiswahili nikaishia kwa lugha yetu ya nyumbani, kama ninavyofanya nikiguswa sana. Yule mwanamke alikuwa akisema "ndiyo, Bwana" mahali panapofaa kabisa. Mke wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kochi akichambua mchele kwa vidole, naye alisema amina.

Baada ya amina nilituma. Niliweka namba yangu ya siri kwa kidole changu mwenyewe. Kulikuwa na ada ya kutuma, nikaona haya kumkata mama aliye katika shida, nikailipa mimi. Nilijiambia hiyo ndiyo sadaka yangu ya siku.

Simu ikalia tena mlio wa ujumbe, wa kuthibitisha kwamba nimetuma. Nikaiweka mezani.

"Salio linasema ngapi?" mke wangu akauliza.

"Nimesharudisha, mama. Yamekwisha."

"Nimesikia umerudisha. Soma salio."

Tangu jicho limkatae, amekuwa mtu wa kutaka kusomewa kila kitu mpaka mwisho, hata maandishi madogo yaliyo chini ya chupa ya dawa. Nilivaa miwani tena. Asubuhi ile, kabla ya yote, simu yangu ilikuwa na elfu thelathini na mbili mia nne, na elfu mbili mia sita zilizobaki zilikuwa ndani ya bahasha kabatini. Pesa ya mtu iliingia, pesa ya mtu ikatoka. Ilitakiwa nibaki na elfu thelathini na mbili na kitu. Simu ilisema elfu kumi na saba na mia kadhaa.

Nilisoma mara tatu, kila mara nikitarajia macho yangu ndiyo yamekosea. Kisha nikampigia yule mama. Simu haikupatikana. Nikapiga tena. Mke wangu alikuwa ameacha kuchambua mchele.

"Hazikuingia," akasema.

"Ujumbe unasema ziliingia."

"Ujumbe unasema."

Chini ya jengo letu kuna duka la wakala wa pesa za simu, kibanda chenye nondo na tundu la kupitishia mkono. Mwenye duka ni mama wa makamo ambaye amenihudumia tangu afungue. Kulikuwa na watu watatu mbele yangu, wakanipisha walipoona uso wangu. Nilimpa simu kupitia tundu. Hakuhitaji hata nusu dakika.

"Mzee wangu, hii haijatoka kwa kampuni. Ona hapa juu. Ni namba ya mtu, kama ya kwako au ya kwangu. Ujumbe wa kampuni unakuja na jina lao, na wote unapangwa pamoja. Huu wa jana wa mchango uko huku, na wenzake. Huu wa leo uko peke yake. Mtu ameuandika mwenyewe, akakutumia."

"Lakini umeandikwa vilevile."

"Si anaangalia wake wa kweli, anabadilisha jina na pesa. Ulituma?"

"Nilituma."

"Woi, mzee." Aliweka kiganja mdomoni.

Nyuma yangu kijana mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti ambayo alidhani siisikii, "Buda amechezwa," yaani mzee ametapeliwa.

"Hao wasee hawana huruma," mwenzake akajibu. "Hata mathe wangu walimmaliza hivyo. Alianza kulia kabla hawajamaliza stori."

Sijui kwa nini niliwaambia kwamba nilimwombea mtoto wake. Labda nilitaka mtu mmoja ajue kwamba sikufanya kwa ujinga mtupu. Kijana wa kwanza alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ulimwombea? Na akasema amina?"

"Alisema."

"Sasa huyo mwizi amebarikiwa, buda. Sisi wengine tumeisha."

Foleni nzima ikacheka, na mwenye duka akawakemea, lakini hata yeye alikuwa akiuma mdomo. Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi nyuma ya mzee mwingine, pengine ningecheka kimoyomoyo.

Tulipiga simu ya huduma kwa wateja. Tuliambiwa simu yetu ni ya maana sana kwao, tukachezewa muziki. Ukakatika, tukapiga tena, tukachezewa muziki uleule kutoka mwanzo. Mwenye duka alikuwa akihudumia watu huku simu yangu ikiimba kwenye kaunta. Baada ya dakika thelathini hivi binti mwenye adabu alisikiliza, akabonyeza bonyeza, akaniambia pesa ziliingia kwenye namba ile na zikatolewa kwa wakala ndani ya dakika nne. Kama zingekuwa bado zimo wangezizuia. Watafuatilia. Nikauliza watafuatilia lini. Akasema mzee, utapokea ujumbe.

Ujumbe. Nilikaribia kumwambia nimeshapokea wa kutosha.

Kituo cha polisi nilikwenda kwa miguu, na magoti yangu yalinisimanga njia nzima. Afisa wa kaunta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

"Mzee, ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Ulituma mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na namba ya siri ukaweka mwenyewe, hakuna mtu alikuwa amekushikia kisu?"

"Hakuna."

"Sasa niandike nini? Umeibiwa au umetoa?"

Kweli nilikuwa nimetoa. Mwishowe aliandika mistari miwili kwenye kitabu kikubwa, akanikatia kipande cha karatasi chenye namba ya ripoti. Nilimwuliza kipande kile kitanisaidia vipi kufikia Alhamisi. Akasema mzee, hicho ni cha kumbukumbu.

Hasira iliyonishika siku ile siyo ninayoijua. Mimi ni mtu wa kungoja. Nimengoja treni zilizochelewa siku nzima, nimengoja malipo ya uzeeni miaka, na kwa neema ya Mungu sikuwahi kumtukana mtu. Lakini jioni ile nilikaa dirishani na kilichonichoma kilikuwa zaidi ya pesa. Kilikuwa ile sala. Nilijaribu kufikiri inakwenda wapi sala ya mtoto ambaye hayupo. Nimefundisha imani miaka mingi, nimewajibu vijana wa kipaimara maswali magumu kuliko hilo, na sikuwa na jibu. Na nilipotaka kuomba kwa ajili ya Alhamisi, kila nilipofumba macho nilisikia ile sauti ikisema "ndiyo, Bwana" mahali panapofaa. Nikafumbua.

Ndipo nikafanya kosa la pili, nalo lilitokana na nia njema kama la kwanza. Katika kundi letu la kanisa la WhatsApp, lenye watu zaidi ya mia tatu, nusu yao siwajui, niliandika onyo refu. Niliona ni wajibu wangu kama mzee wa kanisa. Nilitaja kiasi, nikataja saa, nikataja kwamba nimeripoti kwa kampuni nami nangoja majibu. Nilitaja hata sala. Watu wakaniandikia pole na amina mpaka betri ikaisha.

Jumatano asubuhi, tukinywa chai, nilipigiwa na kijana aliyezungumza Kiswahili kizuri, cha taarifa ya habari.

"Mzee wetu, habari ya asubuhi. Unaongea na kitengo cha kurejesha pesa. Tunashughulikia lalamiko lako la jana, elfu kumi na nne mia sita, saa nne asubuhi. Pole sana kwa yaliyokupata. Mtu aliyekuwa akijifanya ana mtoto mgonjwa tumeshafunga laini yake."

Nilisimama wima. Nilimwambia mke wangu, "Wamezipata," naye akaweka kikombe chini polepole.

"Zimezuiliwa, mzee," kijana akaendelea. "Ziko kwetu salama. Kuna ada ya kuzifungulia, elfu moja mia nne hamsini. Ukishaituma kwa namba nitakayokupa, ndani ya dakika kumi zako zote zinarudi."

Alinipa namba. Naikiri aibu hii: niliiandika. Niliiingiza kwenye simu, nikaingiza na kiasi. Alijua saa, alijua kiasi, alijua habari za mtoto. Nani mwingine angejua kama si kampuni? Haikunijia akilini kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyewatangazia watu mia tatu.

"Anataka nini?" mke wangu akauliza.

"Ada kidogo."

"Mwulize kwa nini wasiikate hapohapo kwenye pesa wanazokurudishia."

Nikamwuliza kijana.

"Mfumo hauruhusu, mzee."

"Anasema mfumo hauruhusu," nikamwambia mke wangu.

"Mwambie jana uliruhusu zitoke kwa dakika nne."

"Mzee," kijana akasema, na Kiswahili cha taarifa ya habari kikaanza kumtoka, "unaongea na mimi ama unaongea na bibi yako?"

"Naongea na nyote wawili."

"Unataka pesa zako ama hutaki? Kuna wengine wanangoja."

"Basi wahudumie hao kwanza," nikamwambia. "Mimi nitangoja. Nikatieni humo humo, hata mkikata elfu mbili sitalalamika."

"Mzee mjinga wewe. Kaa na umaskini wako hapo." Akakata.

Nilifuta ile namba. Mke wangu alipapasa meza akatafuta kikombe chake, akanywa, akasema chai imepoa. Hakuniuliza nilikuwa nimefika wapi kwenye kubonyeza. Nilimwambia mwenyewe baadaye.

Siku hizi nina desturi zangu, na wajukuu hunicheka kwa ajili yazo. Ujumbe wa pesa ukiingia, siusomi kama habari. Naenda kwenye salio kwanza. Likiwa halijaongezeka, hakuna kilichoingia, hata kama ujumbe umeandikwa kwa dhahabu. Anayeniambia amekosea namba namwomba radhi, namwambia aongee na kampuni, wao watazichukua kwangu bila mimi kugusa kitufe, na kama ni za kweli hazitanikimbia. Anayesema ananirudishia pesa huku akidai nitangulize pesa, namwambia akate humo humo. Na tatizo langu la pesa silitangazi tena kwenye kundi; namwambia mtu nimwonaye kwa macho. Hayo ni mambo manne, na yangeandikika kwenye kiganja. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna hata moja ambalo sikuwa na akili ya kulijua Jumanne ile. Nilikuwa na haraka ya kuwa mwema.

Lakini Jumatano ile desturi hizo hazikuwa na faida, kwa sababu kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mke wangu aliniambia nimpigie binti yetu. Nilikuwa nimewaficha watoto tangu jana nikitumaini zitapatikana. Nilizunguka sebule mara mbili, nikapiga.

"Baba, ulikuwa na zote kwenye simu?" aliniuliza nilipomaliza.

"Zote isipokuwa za bahasha."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Mama anajua?"

"Mama ndiye aliyegundua."

Nilisikia akivuta pumzi. Nilikuwa tayari kwa lawama, lawama ningeivumilia. Badala yake alinisemesha taratibu, kama anavyowasemesha watoto wake.

"Nitaongea na wengine tuone. Lakini Baba, tafadhali usikasirike. Safari hii hazitapitia kwako. Nitazituma hospitali mwenyewe. Na hizo zilizobaki nitumie leo nizijumlishe."

Nilikasirika. Nilikasirika sana, na sikuwa na mahali pa kuiweka hasira hiyo, kwa sababu alikuwa sahihi. Watu wa nusu ya nchi hii waliniamini kwa mizigo yao, na sasa mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda ananiambia nimkabidhi. Nilimtazama mke wangu nikitumaini atanitetea.

"Mpe," akasema.

Nikampa, nikabakiza elfu moja tu ya nauli na dawa. Niliangalia namba yake tarakimu moja moja, kisha nikampigia nikamwuliza kama salio lake limeongezeka. Akasema limeongezeka, Baba, asante. Jioni alituma ujumbe kwamba wamefikisha. Mdogo wake anayekaa Donholm alikuwa ameweka kando pesa za friji, naye akazitoa. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya watoto wangu, na shukrani hiyo ilikuwa ya kweli, ingawa haikuja kwa urahisi.

Alhamisi tulifika hospitali mapema, mke wangu akiwa ameshika mkono wa shati langu. Walimvalisha gauni la kijani wakamkalisha kwenye benchi la ndani pamoja na wengine sita. Binti yetu alikuwa kazini. Alilipa akiwa huko, akanitumia nakala ya ujumbe wa malipo. Nilizibeba zile elfu mbili mia sita za bahasha nikaenda dirishani. Mhasibu alikuwa msichana mwenye miwani minene. Alizichukua za bahasha, nikamwonyesha simu kwa ajili ya zilizobaki.

"Hii ni simu yako, mzee. Mimi nangoja yangu."

"Binti yangu amelipa. Ujumbe ndio huu."

"Nauona. Bado haijaonekana kwangu."

"Ni wa kweli."

"Sijasema si wa kweli. Jana mtu alinionyesha mzuri kuliko huo." Hakusema kwa ukali. Alishusha macho kwenye kioo cha kompyuta yake. "Kaa hapo, nitakuita."

Muuguzi alitoka akasema wameanza na wa kwanza, na mke wangu ni wa nne. Malipo yasipoonekana kabla ya zamu yake watampitisha mwingine. Nilikaa. Nilitaka kumwambia yule msichana mimi ni mzee wa kanisa, sijadanganya mtu tangu utoto, kule ndani kuna mwanamke anayengoja kuona. Nilifungua mdomo. Kisha nikafikiri, na yule mama wa Jumanne alikuwa na maneno mazuri kuliko haya, na mimi nilimsikiliza. Nikaufunga.

Wa kwanza alitoka akiwa na bandeji. Akaingia wa pili. Nilimpigia binti yangu, akasema mtandao wao ni mzito, pesa zimeshakatwa kwake. Wa tatu aliingia. Nilijaribu kuomba, na kilichotoka kilikuwa lalamiko tupu. Nilimwambia Mungu kwamba nimechoka, kwamba nimefanya kama nilivyofundishwa nikachezwa, sasa nafanya kama nilivyojifunza kwa kuchezwa, nachelewa, na kwamba jicho la mke wangu halina kosa katika mambo haya. Sikufumba macho. Nilikuwa nimekazia dirisha.

"Mzee," msichana akaita. "Imeingia."

Alichapa risiti, nikaipeleka kwa muuguzi kwa mwendo ambao magoti yangu hayajanisamehe bado. Mke wangu alisimamishwa na kuongozwa ndani. Hakujua kama nilikuwa pale, mpaka nilipokohoa.

Walikaa naye dakika arobaini. Muuguzi alipotoka aliniambia limekwenda vizuri, bandeji itafunguliwa kesho, na akanipa karatasi ya matone ya jicho ya mia nane, yakalipiwe dirishani kabla hatujaondoka. Nilimshukuru, nikaketi kidogo.

Kisha nikarudi kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika nilituma mia nane kutoka kwenye simu yangu, ujumbe wa kuthibitisha ukaingia. Msichana aliinua macho. Nikaitia simu mfukoni, nikashika nondo za dirisha, nikangoja aone ya kwake.